Picha moja kwa siku: Namna simu yako inavyoweza kuitunza Dar es Salaam kabla haijabadilika

Mtaa ni ule ule. Duka la vocha lipo, muuza kahawa yupo, bodaboda wamepaki kwenye kona yao ya siku zote. Ila katikati kuna uzio wa mabati ambao wiki iliyopita haukuwepo, na nyuma yake kuna shimo.

Sasa waulize watu watano wanaopita hapo kila siku: jengo lililobomolewa lilikuwaje? Wa kwanza atasema lilikuwa la kijani. Wa pili atabisha. Wa tatu anakumbuka roshani ya mbao, wa nne hakumbuki roshani yoyote. Wa tano atauliza, "Kwani hapa kulikuwa na nini?"

Ndivyo Dar es Salaam inavyobadilika. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, kutoka 4,364,541 mwaka 2012. Hao ni zaidi ya watu milioni moja walioongezeka ndani ya miaka kumi, na wote wanahitaji pa kulala, pa kufanyia kazi na pa kupita. Mji unapanda juu na kusambaa pembeni, na kila ghorofa jipya la katikati ya mji huwa limesimama mahali pa kitu kilichokuwepo kabla yake.

Kubadilika kwa mji si kosa. Tatizo ni kwamba mji haujipigi picha wenyewe. Lakini mamilioni ya wakazi wake wanatembea na kamera mfukoni. Picha moja kila siku, ya jengo moja, ikiwa na tarehe na jina la mtaa, kwa mwaka inakuwa kumbukumbu ya majengo 365.

Kwa nini kila siku, na si siku moja kwa mpigo?

Mtu anaweza kusema: nitatafuta Jumapili moja mji ukiwa mtupu, nipige kila kitu, nimalize. Haiwezekani, kwa sababu tatu.

Kwanza, mwanga. Jengo linalopendeza saa 1 asubuhi linaweza kuonekana kama ukuta mchafu saa 7 mchana. Pili, macho. Ukipiga majengo 100 kwa siku, unakuwa unahesabu, huangalii. Ukipiga moja, utaona mlango, kitasa, nyufa, na mwaka ulioandikwa juu ya paa. Tatu, mabadiliko yenyewe. Jengo halipotei siku moja. Kwanza wapangaji wanahama, halafu milango inang'olewa, mabati yanakuja, katapila linafuata. Anayepita kila siku ndiye anayeziona hatua zote.

Wazo hili si geni duniani. Katika karne ya 19, Charles Marville alipiga picha mitaa ya Paris ambayo ilikuwa inakaribia kubomolewa kupisha barabara pana. Baada yake Eugène Atget alizunguka mji huohuo kwa miongo kadhaa na kamera nzito ya mbao, akipiga milango, ngazi, maduka na vichochoro. New York nayo ilimpata Berenice Abbott, ambaye kati ya 1935 na 1939 alipiga nyumba za zamani zikiwa zimesimama kando ya maghorofa mapya. Leo anayetaka kujua mitaa ile ilikuwaje anaanzia kwenye picha zao.

Wao walibeba vioo, miguu ya kamera na masanduku. Wewe una simu. Basi anza na ratiba ya wiki moja.

Siku ya kwanza: Mji ulipoanzia, bandarini

Anzia Barabara ya Sokoine, asubuhi. Majengo mengi ya hapa yanatazama bandari, na jua la asubuhi linakuja kutoka upande huohuo wa bahari. Ukifika kati ya saa 1 na saa 2, nyuso zake zinakuwa na mwanga laini, na foleni bado haijakaza.

Kwenye kona ya Sokoine na Barabara ya Morogoro kuna Boma la Kale. Lilijengwa miaka ya 1860, enzi ya Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, aliyetaka kuanzisha mji mpya kando ya kijiji cha Mzizima. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na milango yake ni ya nakshi ya Kizanzibari. Majid alifariki 1870 mji ukiwa haujakamilika. Jengo lenyewe limebaki, na limekuwa makao ya kituo cha urithi wa usanifu majengo kinachojulikana kama DARCH.

Hatua chache kutoka hapo yanaanza majengo ya Wajerumani, waliohamishia makao makuu ya koloni lao Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lilijengwa kati ya 1897 na 1902, na Kanisa la Kilutheri la Azania Front kati ya 1898 na 1902. Yote mawili yana minara, lakini yaangalie vizuri. Mtakatifu Yosefu lina madirisha marefu yaliyochongoka juu. Azania Front lina vipaa vidogo vya vigae vyekundu juu ya madirisha, kama kope juu ya jicho, vya kukinga jua na mvua.

Hapo ndipo ilipo picha ya siku ya kwanza. Usipige kanisa zima ambalo lipo kwenye kila kadi ya posta. Piga kile kipaa. Kinaonyesha namna wajenzi kutoka nchi ya baridi walivyolazimika kulizoea jua la Pwani.

Siku ya pili: Samora na Uhindini

Katikati ya Barabara ya Samora amesimama askari wa shaba, bunduki mkononi, singe ikielekea bandarini. Wengi wanaiita Askari Monument, na wazee wa mji wanaijua kama Sanamu ya Bismini. Iliwekwa 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Kabla yake, mahali hapohapo palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza walipouteka mji 1916, sanamu hiyo iliondolewa.

Kwa maana nyingine, hata sanamu hubadilishana viwanja. Barabara yenyewe nayo imebadilisha majina: iliwahi kuitwa Acacia Avenue, ikawa Independence Avenue, kisha ikapewa jina la Samora Machel wa Msumbiji.

Ukitoka hapo ingia mitaa ya Uhindini: Indira Gandhi, Jamhuri, Mtaa wa Mosque. Hapa fanya kitu ambacho wapita njia hawafanyi: tazama juu. Chini kuna fremu za maduka na mabango ya rangi zote. Ghorofa ya kwanza na ya pili kuna roshani, nguzo na maua ya plasta. Juu kabisa, kwenye paji la uso la jengo, mara nyingi utakuta jina la familia iliyojenga, na mwaka.

Mwaka huo ni zawadi kwa mpiga picha, kwa sababu jengo linajitambulisha lenyewe. Likivunjwa, kile kipande cha plasta kinakwenda na kifusi, na picha yako ndiyo inayobaki na jina.

Mitaa hii pia inakumbusha kwamba si kila jipya ni imara. Machi 29, 2013, ghorofa lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Kwa hiyo ukipita kwenye eneo la ujenzi, usipige jengo peke yake. Piga na kile kibao cha mbele kinachoonyesha mmiliki, mkandarasi, mhandisi na msanifu. Jengo likiisha kibao hutolewa, na baada ya miaka michache mtaani hakuna anayekumbuka nani alijenga.

Siku ya tatu: Zege la uhuru

Watu wengi wakisikia "majengo ya kihistoria" wanafikiria Wajerumani na Waarabu. Lakini yale majengo ya zege ya miaka ya 1960 na 1970, ambayo tunayapita tukiyaona ya kawaida tu, nayo ni historia. Ni majengo ya kwanza ya nchi huru.

Mfano ni Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa 1967. Aliyeichora ni Anthony Almeida, msanifu aliyezaliwa Dar es Salaam na kufanya kazi zake hapahapa kwa miongo mingi hadi alipofariki 2019. Wasanifu wa kizazi chake walijua joto la mji huu. Walitumia vizuia jua vya zege, vibaraza na nafasi za kupitisha upepo, ili jengo lipoe bila kutegemea kiyoyozi.

Majengo ya aina hii hayahitaji mwanga laini. Yanataka jua kali la saa 3 au saa 4 asubuhi, likiwa linakuja kwa pembeni, ili kila kizuia jua kiangushe kivuli chake. Kivuli ndicho kitakachomwonyesha mtazamaji jengo linavyofanya kazi.

Ukiwa na nauli na muda, panda hadi Mlimani, ambako Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihamia 1964. Ukumbi wa Nkrumah huenda unaujua hata kama hujawahi kufika: ndio uliokuwa nyuma ya noti ya shilingi 500, kabla sarafu haijachukua nafasi yake.

Siku ya nne: Kariakoo

Jina lenyewe lina stori. Waingereza walipoingia, eneo hili lilitumika na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita. Midomo ya watu ikalifanya Kariakoo.

Soko Kuu lilichorwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki, na likafunguliwa 1975. Paa lake limeundwa kwa miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu chini. Mwavuli wa kawaida unamwaga maji pembeni. Hii inayakusanya katikati na kuyashusha ndani ya nguzo hadi kwenye matangi chini ya ardhi. Yaani soko lilikuwa linavuna mvua kabla uvunaji wa maji ya mvua haujawa mada ya semina.

Usiku wa Julai 10, 2021 soko liliungua. Baadaye likafanyiwa ukarabati, na soko jingine jipya likajengwa pembeni yake. Aliyekuwa na picha za soko kabla ya moto, hata picha ya mama yake akinunua nyanya chini ya ile miavuli, ghafla alijikuta ameshika kumbukumbu ya jengo la taifa.

Kariakoo inafundisha jambo jingine zito. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka hapa na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Picha haizuii jengo kuanguka. Lakini picha mbili za ufa uleule, zilizopigwa miezi mitatu tofauti zikiwa na tarehe, zinampa mpangaji kitu cha kumwonyesha mwenye nyumba au mhandisi wa manispaa. Maneno matupu ya "ufa unaongezeka" ni rahisi kupuuzwa, ila picha mbili kando kwa kando zinambana anayezitazama.

Siku ya tano: Nyumba ambayo hakuna anayeipiga

Hii ndiyo siku muhimu kuliko zote, na ndiyo ambayo watu wanairuka.

Makanisa ya bandarini hayapotei kesho. Yana waumini, yana wageni, yamepigwa picha maelfu ya mara. Nyumba iliyo hatarini zaidi ni ile ya kawaida kabisa: nyumba ya Kiswahili.

Unaijua. Mbele kuna baraza la kukaa jioni. Mlango wa mbele unaingia kwenye korido ndefu, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto. Korido inatokea uani, ambako kuna jiko, choo, kamba za nguo na mara nyingi mti. Paa ni bati, pengine limeshashika kutu. Familia sita zinaweza kuishi hapo na kugawana uani mmoja, mita moja ya umeme na ugomvi mmoja wa zamu ya kufagia.

Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke zilijaa nyumba hizi. Ndimo walimozaliwa na kukulia watu wa mji huu. Kariakoo sasa kiwanja cha nyumba moja kinabeba ghorofa nane au kumi, lenye stoo chini na fremu za nguo juu yake. Mwenye kiwanja hawezi kulaumiwa, maana pesa inaongea. Ila nyumba ikishavunjwa, hakuna bango, hakuna sherehe, hakuna habari gazetini.

Ilishatokea Magomeni Kota. Nyumba za zamani za kaya 644 zilivunjwa, na kwenye eneo hilo maghorofa mapya ya makazi yakazinduliwa 2022. Maghorofa yamepigwa picha kila pembe. Za zile kota za zamani utazitafuta kwenye albamu za familia, nyuma ya watoto waliovaa nguo za Idi.

Kwa hiyo siku ya tano nenda mtaa unaoujua. Piga nyumba moja ya Kiswahili kutoka mbele, ukiwa umesimama katikati, mlango ukiwa katikati ya picha. Ukiruhusiwa, piga korido ukiwa mlangoni, ile mwanga wa uani ukionekana mwisho wake. Ukiruhusiwa zaidi, piga uani.

Na ukiona ukuta umechorwa X nyekundu, usiahirishe. Alama hiyo inajulikana mji mzima, hasa tangu 2017, zilipovunjwa nyumba nyingi kuanzia Kimara kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Nyumba yenye X ipigwe leoleo.

Siku ya sita: Vioo, nyaya na madaraja

Mji mpya nao unahitaji kumbukumbu, maana jipya la leo ndilo la zamani la wajukuu.

Maghorofa marefu ya katikati ya mji, kama minara pacha ya PSPF na jengo la Mamlaka ya Bandari, yana zaidi ya ghorofa 30. Ukisimama chini yake na kuinua simu, picha inatoka na jengo linaloanguka nyuma. Suluhisho ni kusogea mbali. Ukivuka kwenda Kigamboni, ufukweni utapata mji wote kwenye mstari mmoja: minara ya makanisa chini, vioo juu. Ni zaidi ya miaka 150 ya ujenzi kwenye picha moja.

Jioni nenda Daraja la Tanzanite, lililozinduliwa 2022, lenye urefu wa takriban kilomita moja juu ya bahari. Watu wanalitumia kwa mazoezi, na jua la saa 11 linapaka nyaya zake rangi ya dhahabu. Ukibaki na nguvu, kuna stesheni ya reli ya kisasa ya SGR, iliyopewa umbo la jiwe la tanzanite, ambako safari za abiria kwenda Morogoro zilianza Juni 2024. Jaribu kuipata stesheni hiyo pamoja na stesheni ya reli ya kati, reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905.

Siku ya saba: Rudi ulipoanzia

Siku ya saba usiende mahali papya. Rudi kwenye picha mojawapo ya wiki, simama palepale, piga tena.

Njia ni rahisi. Chagua alama ya miguu yako: mfuniko wa mtaro, nguzo ya umeme, kona ya ngazi. Fungua picha ya kwanza, linganisha kingo zake, kisha piga. Rudia kila mwezi, au kila mwaka tarehe hiyohiyo. Picha moja inaonyesha jengo. Picha kumi kutoka mahali pamoja zinaonyesha mji ukitembea.

Simu yako inatosha, ila fanya haya

- Futa lenzi. Jasho na vumbi la mfukoni ndiyo sababu ya picha nyingi zenye ukungu.

- Washa gridi. Ipo kwenye mipangilio ya kamera. Linganisha mstari wa wima na kona ya jengo, simu iwe imesimama wima bila kulala nyuma, na kuta zitanyooka.

- Usivute picha kwa vidole. Kuvuta kunapunguza ubora. Tembea, sogea.

- Gusa sehemu yenye mwanga. Mbingu ikiwa nyeupe kabisa, igusie kidole, kisha shusha mwangaza kidogo. Maelezo ya kwenye kivuli unaweza kuyapandisha baadaye, ila mbingu iliyoungua hairudi.

- Epuka saa 6 mchana. Jua la Dar es Salaam linakuwa karibu na utosi na kila kitu kinakuwa bapa.

- Jua na msimu. Mji uko kusini mwa Ikweta kidogo tu. Katikati ya mwaka jua la mchana linapita upande wa kaskazini, na Desemba linapita upande wa kusini. Ukuta ulio kivulini Juni unaweza kupata jua Desemba. Ukishindwa leo, rudi baada ya miezi sita.

- Usiogope masika. Mvua ikikatika, rangi zinaiva na madimbwi yanakuwa vioo.

Usalama, sheria na adabu

Kuna majengo ambayo hupigi, hata yawe mazuri vipi: Ikulu, kambi za jeshi, vituo vya polisi na maeneo mengine ya ulinzi. Ikulu iko karibu na kivuko cha Magogoni, hivyo ukiwa eneo hilo angalia kamera inaelekea wapi. Kwenye bandari, stesheni na benki, uliza mlinzi kwanza. Akikataa, usibishane. Sema asante, ondoka.

Droni ina utaratibu wake na inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Ukianza kuifanya kazi hii kibiashara, ulizia vibali kabla hujachukua pesa ya mteja.

Kwenye nyumba za watu, sheria ya kwanza ni hodi. "Shikamoo mama, naomba kupiga picha ya nyumba, napenda mlango wake." Mara nyingi utapata zaidi ya ruhusa: utaambiwa nani alijenga, mwaka gani, na nani alizaliwa chumba kipi. Andika. Akikataa, amekataa, na nyumba ni yake.

Usipige wagonjwa, hata kama jengo ni la kihistoria kama Ocean Road, hospitali iliyojengwa na Wajerumani 1897 na ambayo sasa ni taasisi ya saratani. Usiposti sura za watoto wala namba za nyumba za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zaidi ya sheria kuna utu.

Mwisho, simu yenyewe. Usiitoe ukiwa ukingoni mwa barabara yenye bodaboda. Egemea ukuta, piga, rudisha mfukoni.

Picha bila maelezo ni nusu ya picha

Hapa ndipo wengi wanapopotezea kazi yao yote. Wanapiga, wanatuma kwenye grupu la WhatsApp, simu inajaa, wanafuta. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza ubora na kuondoa taarifa za mahali na muda zilizofichwa ndani yake. Ukitaka kumtumia mtu picha kamili, itume kama faili.

Kila jioni, dakika mbili tu, fanya mambo matatu:

1. Ipe jina. Mfano: 2026-02-03, Mtaa wa Narung'ombe, nyumba ya bati jekundu. Tarehe ikianza na mwaka, simu itazipanga zenyewe.

2. Andika sentensi mbili. Jengo ni la nini, nani amekwambia nini, umesimama wapi.

3. Weka nakala sehemu mbili. Moja kwenye simu au kompyuta, nyingine mtandaoni, kama Google Drive. Picha moja ikiwa na MB 3, mwaka mzima ni kama GB 1.1. Hiyo haijazi hata kadi ndogo ya kumbukumbu.

Unayetaka kazi yako iwafikie wengine, unaweza kuiweka Wikimedia Commons, ila fahamu kwamba picha za huko mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia kwa masharti ya leseni uliyochagua. Unayetaka kubaki na haki zako zote, zitunze mwenyewe na uziposti kwa ukubwa mdogo. Na zile za nyumba ya babu na bibi, zichapishe. Picha ya karatasi haihitaji chaji.

Anza na iliyo karibu

Huhitaji kusubiri Jumapili wala kununua simu mpya. Waliokuwa wanakunywa kahawa Salamander, kwenye Barabara ya Samora, waliliona jengo lile kila siku, na kwa sababu hiyohiyo wengi wao hawakuwahi kulipiga. Siku lilipobomolewa ndipo watu walipoanza kuulizana nani ana picha.

Ndivyo inavyokuwa. Kitu unachokiona kila siku unadhani hakina haraka.

Kesho asubuhi, kabla hujapanda daladala au mwendokasi, geuka nyuma uitazame nyumba iliyo mkabala na kituo chako. Ina rangi gani? Madirisha mangapi? Juu pameandikwa nini? Kama huna jibu, hiyo ndiyo picha yako ya kwanza.